KUFUNGUA MLANGO WA RUTA KWA AJILI YA KAMERA ZA ULINZI: NJIA YAKE NA TAHADHARI ZAKE

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Bukoba na Muleba. Yanachapishwa kwa faida ya wasomaji wa nchi kavu na wa visiwani ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Najua wapo miongoni mwenu waliotoka Kamachumu na Nshamba, na wapo waliovuka ziwa kutoka Bumbire na Goziba. Mtu aliyevuka maji kuja kusikiliza hastahili kurudi na maneno matupu. Kwa hiyo nitajitahidi kusema yale yatakayowafaa mkifika nyumbani.

Jambo lililonileta mbele yenu ni dogo kwa jina lakini ni kubwa kwa matokeo. Miaka ya nyuma, kamera za ulinzi katika mji wetu wa Bukoba zilionekana benki na katika hoteli chache. Leo zimo Kashai, Hamugembe na Rwamishenye, zimo madukani Muleba mjini, na zimo hata vijijini katika nyumba za wazee zilizozungukwa na migomba ya kibanja. Aghalabu aliyezinunua si mzee mwenyewe bali ni mtoto wake aliyeko Dar es Salaam, Mwanza, Kampala au ng'ambo, ambaye anataka ajue kama mama ameamka salama na kama mlango wa stoo ya kahawa umefungwa. Visiwani, mwenye mitumbwi anataka kuitazama injini yake mwaloni hali yeye yuko mjini, maana wizi wa injini ziwani umewafilisi wengi.

Nia hizo zote ni njema. Lakini mara baada ya kamera kufungwa huja swali moja: "Nikiwa nyumbani picha naiona vizuri, nikisafiri siioni. Nifanye nini?" Fundi naye hujibu kwa maneno matatu: "Tufungue poti tu." Mazungumzo yangu ya leo yanahusu maneno hayo matatu: maana yake, namna ya kuyatekeleza, na yale ambayo fundi kwa haraka zake huwa hayasemi.

RUTA NI KARANI WA MASJALA

Ndugu Mwenyekiti, sisi tuliofanya kazi Serikalini tunaijua masjala. Barua inayotoka chumba namba 20 hupitia kwa karani, naye huiandika daftarini na kuipa Kumbukumbu Namba. Majibu yakirudi yakiwa yameandikwa "Rejea barua yako yenye Kumb. Na." fulani, karani hutazama daftari lake na kuyapeleka chumba namba 20 bila ya kumuuliza mtu. Lakini barua ikija kutoka nje bila kumbukumbu yoyote, wala jina la chumba, karani hana pa kuipeleka.

Ruta iliyoko nyumbani kwako hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa nje inayo anwani moja ya mtandao. Kwa ndani vimo vyombo vingi: simu, kompyuta, televisheni na mashine ya kurekodia kamera ambayo mafundi huiita DVR. Kila chombo hupewa anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168. Anwani za namna hiyo zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani tu, na ndiyo maana nyumba yako na ya jirani yako zinaweza kuwa na 192.168.1.20 zote mbili bila kugongana. Wewe ukifungua habari katika simu yako, ruta huandika daftarini kwamba simu hii ndiyo iliyoomba, na majibu hurudi kwa simu hiyo. Lakini mwanao wa Dar es Salaam akibisha hodi kutoka nje akitaka kuona kamera, ruta haina kumbukumbu ya ombi hilo, hivyo humwacha mlangoni.

Kufungua poti, basi, ni kumpa karani amri ya kudumu: "Barua yoyote itakayokuja imeandikwa namba 8000, ipeleke chumba namba 20, saa yoyote, bila ya kuniuliza." Namba hizo tunaweza kuziita milango, na zinaanzia 0 hadi 65535. Kila huduma ina mlango wake wa desturi. Kurasa za kawaida za mtandao hutumia 80, na zile zenye ulinzi hutumia 443. Picha hai za kamera hutumia 554. Vyombo vingi vya Hikvision hutumia 8000, na vya Dahua hutumia 37777.

Naomba mzingatie maneno "barua yoyote". Amri hiyo haisemi barua ya mwanangu. Inasema barua yoyote, kutoka kwa yeyote, popote alipo duniani. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

KWA NINI WENGI HUFUNGUA NA BADO HAWAONI

Kabla sijaeleza namna ya kufungua, ni vyema niwaokoe wale watakaohangaika bure. Anwani za mtandao za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, idadi yake ni 4,294,967,296 tu. Zamani zilionekana hazitakwisha. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho katika ghala kuu la dunia yaligawiwa kwa mamlaka za kanda, na kanda yetu ya Afrika husimamiwa na AFRINIC yenye makao Morisi. Tangu hapo anwani zimekuwa adimu, na kampuni za simu zimelazimika kuwaweka wateja wengi chini ya anwani moja.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Wengi wetu tulisoma tukitumia S.L.P. ya shule. Wanafunzi mia kadhaa, sanduku moja. Barua haikukufikia mpaka karani wa shule aiite kwa jina lako. Ndivyo ilivyo kwa laini nyingi za simu zinazotumiwa katika ruta ndogo za kuchomeka majumbani, na ndizo zinazotumika zaidi vijijini na visiwani. Ruta yako unaweza kuipa amri upendavyo, lakini juu yake yupo karani mwingine katika mitambo ya kampuni, na huyo hajapewa amri yoyote kuhusu kamera yako.

Namna ya kujua ni rahisi. Ingia katika ukurasa wa ruta, tazama anwani yake ya nje. Kisha, ukiwa katika mtandao huo huo wa nyumbani, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya mtandao. Zikilingana, unayo anwani ya wazi. Zikitofautiana, u mmoja wa wenye sanduku la pamoja. Hasa ukiona anwani ya ruta inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, basi usisumbuke tena, kwa sababu fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kazi hiyo. Ukiona inaanza na 10 au 192.168 jibu ni lile lile. Hapo unazo njia mbili: kuiomba kampuni anwani ya wazi, ambayo kwa kawaida hulipiwa zaidi, au kutumia njia nyingine nitakazozitaja baadaye, ambazo kwa maoni yangu ni bora hata kwa mwenye anwani ya wazi.

NAMNA YA KUFUNGUA

Kwa yule mwenye anwani ya wazi, na ambaye amekwisha kuamua, utaratibu ni huu:

(a) Ingia katika ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake ya ndani katika kompyuta au simu iliyounganishwa na ruta hiyo. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1. Tazama karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Jambo la kwanza ukiingia ni kubadilisha neno la siri la ruta yenyewe.

(b) Ipe DVR anwani ya ndani isiyobadilika, mathalan 192.168.1.20. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, DVR inaweza kupewa chumba kingine, na amri uliyoiandika itapeleka wageni kwenye televisheni. Kwa mkoa wetu, ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda na unajua vizuri maana ya kukatika, jambo hili si la kupuuza.

(c) Badilisha neno la siri la DVR na la kila kamera. Liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na lisiwe lile analolitumia fundi kwa wateja wake wote.

(d) Pakua na kuweka toleo jipya la programu ya ndani ya DVR kutoka kwa mtengenezaji wake. Hatua hii ije kabla ya kufungua mlango, isiwe baada yake.

(e) Tafuta sehemu ambayo katika skrini za ruta huandikwa "Port Forwarding", na katika nyingine "Virtual Server". Jaza namba ya mlango wa nje, namba ya mlango wa ndani, anwani ya DVR, na aina ya mawasiliano, ambayo kwa kamera huwa TCP. Hifadhi.

(f) Jaribu kwa simu iliyozimwa waifai, ikitumia bando la simu. Ukijaribu ukiwa ndani ya mtandao wa nyumbani, baadhi ya ruta hukataa, nawe utadhani umekosea kumbe hukukosea.

(g) Kwa kuwa anwani ya nje ya laini nyingi hubadilika, jiandikishe katika huduma ya jina la kudumu, inayojulikana kwa herufi DDNS, ambayo hufuatilia anwani kila ibadilikapo.

Fungua mlango mmoja tu ule unaohitajika. Usikubali fundi akuwekee kile kiitwacho DMZ, maana huko ni kung'oa mlango na fremu yake: kila namba huelekezwa kwenye DVR. Kadhalika zima kipengele kiitwacho UPnP, kwa sababu kinawaruhusu vyombo vya ndani kujifungulia milango vyenyewe bila mwenye nyumba kujua.

Wapo wanaoshauri ubadilishe namba ya nje, badala ya 8000 uweke 41873. Si vibaya. Kufanya hivyo hupunguza wabishaji. Lakini msiutegemee kama ulinzi, kwani ni sawa na kuficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni.

WANAOBISHA HODI NI AKINA NANI

Ndugu Wananchi, mtu husema: "Nani atanijua mimi wa Kamachumu? Nani atakayehangaika na kamera ya mwaloni Goziba?" Jibu ni kwamba hakuna anayekutafuta wewe. Zipo programu zinazozunguka anwani zote za dunia usiku na mchana, zikijaribu vitasa vya milango. Hazijui Bukoba ni wapi. Zikikuta mlango umefunguka huandika, na kuendelea na wa jirani.

Naomba niwaeleze yaliyonipata mimi mwenyewe, ingawa si jambo la kujisifia. Nilipofungiwa kamera nyumbani kwangu, fundi aliweka tatu nje na moja sebuleni. Laini yangu ilikuwa na anwani ya wazi. Alifungua mlango namba 8000, akanionyesha picha katika simu, nikafurahi na kumlipa. Sikuuliza neno la siri aliloliweka ni lipi, naye hakunieleza. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndilo alilokuwa akiwawekea wateja wake wote.

Ilipita miezi. Siku moja kijana wangu alirudi likizo kutoka chuoni, akafungua kumbukumbu za DVR kwa udadisi wake tu. Akaniita. Tukakuta kurasa baada ya kurasa za majaribio ya kuingia yaliyokataliwa, kutoka katika anwani tusizozijua. Hayo yangeweza kuvumilika. Lakini katikati yake yalikuwamo mawili yaliyoandikwa kwamba yamefaulu, yote mawili saa mbili za usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nje ya nyumba saa hizo.

Saa mbili za usiku, ndugu zangu, ndiyo saa familia inapokuwa sebuleni. Mabinti zangu wakiwa ndani kwao hukaa bila mtandio, kama ilivyo haki yao. Mimi nililelewa kuamini kwamba sitara ya nyumba ni amana mikononi mwa mwenye nyumba. Na sasa sijui ni nani aliyetazama, alitazama kwa muda gani, wala kama alihifadhi alichokiona. Nimebadilisha maneno ya siri, nimeufunga mlango ule, kamera ya sebuleni nimeiondoa kabisa. Lakini sikuweza kumwambia mke wangu kwamba hakuna kilichoonekana, kwa kuwa nisingekuwa mkweli. Sikuwa nimeibiwa hata kijiko, na hata hivyo naliona jambo hilo kuwa ni wizi mkubwa kuliko wa redio na televisheni.

Yaliyonipata mimi ni tone katika bahari. Mwaka 2016, vijana watatu wa Kimarekani waliunda programu haribifu iitwayo Mirai. Iliingia katika kamera, DVR na ruta za majumbani kwa kupitia mlango namba 23, ikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Hayo yalitosha kuteka vyombo kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vyombo vilivyotekwa lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa mamilioni ya watu walishindwa kufungua Twitter, Netflix na huduma nyingine nyingi. Wale vijana walikiri makosa yao mahakamani mwaka 2017.

Wala msidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Raia mmoja wa Uingereza, Daniel Kaye, alitumia aina ya programu hiyo hiyo kuishambulia kampuni ya simu nchini Liberia, Afrika Magharibi, na Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32. Silaha aliyoitumia ilikuwa kamera za watu wengine. Wenyewe walikuwa wamelala majumbani mwao wakidhani zinawalinda.

Na neno la siri jema peke yake halitoshi. Septemba 2021 kampuni ya Hikvision ilitangaza kasoro katika vyombo vyake vingi iliyomwezesha mtu wa nje kuvitawala bila neno la siri lolote. Marekebisho yalitolewa, lakini marekebisho hayajiweki yenyewe. DVR iliyofungwa kabla ya hapo na haijaguswa tena, mlango wake ukiwa wazi, ni nyumba iliyofungwa kwa kufuli lisilo na ulimi.

Waliokuwapo hapa tarehe 10 Septemba 2016 wanalikumbuka tetemeko la ardhi lililobomoa nyumba zetu na kuchukua roho za ndugu zetu. Tulijifunza siku ile kwamba nyufa zipo kabla ya tetemeko. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

NJIA ZILIZO SALAMA ZAIDI

Je, tuzitupe kamera? Hasha. Ninachosema ni kwamba yapo matumizi yasiyohitaji mlango kufunguliwa kwa kila mpita njia.

Njia ya kwanza ni programu ya simu ya mtengenezaji wa kamera, ambayo huunganishwa kwa kupiga picha alama ya mraba iliyobandikwa kwenye DVR. Hapa DVR yenyewe ndiyo inayotoka nje na kuisubiri simu yako katika seva za mtengenezaji. Kwa kuwa ombi limetoka ndani, karani analikumbuka, na hapana haja ya amri ya kudumu. Njia hii hufanya kazi hata kwa wenye sanduku la pamoja, na ndiyo inayowafaa watu wengi wa vijijini na visiwani. Sharti lake ni neno la siri zuri, na uthibitisho wa hatua mbili pale unapopatikana. Kasoro yake ni kwamba unamwamini mtengenezaji, naye pia huweza kuvamiwa: mwezi Machi 2021 wavamizi wa kampuni ya Verkada ya Marekani walifikia picha za kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za hospitali na magereza.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, ni mtandao binafsi uliofichwa, unaojulikana kwa herufi VPN. Simu yako hupewa ufunguo wake. Ukiwa Dodoma au Mombasa, simu huingia kwa ufunguo huo na kuwa kama iko sebuleni kwako, kisha ndipo huiona kamera. Ukitumia ile iitwayo WireGuard, unafungua mlango mmoja tu, kwa desturi namba 51820, na mlango huo haumjibu mtu asiye na ufunguo. Anayebisha haambiwi hata kwamba pana nyumba. Kwa wasio na anwani ya wazi zipo huduma kama Tailscale na ZeroTier, ambazo huunganisha vyombo bila kufungua mlango wowote.

Njia ya tatu ni kwa yule anayelazimika kufungua mlango: aiamuru ruta ikubali anwani fulani tu, mathalan ya ofisi yake, na kuwakataa wengine wote.

Nakumbusha pia gharama. Kamera moja ikituma picha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 900 kwa saa moja. Anayetazama Dar es Salaam anakula bando la Dar es Salaam na la mama yake aliyeko Muleba kwa pamoja. Chagua picha ya ubora mdogo: kwa kilobiti 512 kwa sekunde matumizi hushuka hadi megabaiti 230 hivi kwa saa, na sura ya mtu bado inatambulika.

HAKI ZA WENGINE

Ndugu Watumishi, kamera haimwoni mwenye nyumba peke yake. Inamwona jirani apitaye, mgeni aingiaye, mtumishi wa ndani, na mteja anayeingiza namba yake ya siri mbele ya meza ya wakala wa fedha. Wakala aliyeelekeza kamera kwenye vidole vya wateja, kisha akaufungua mlango kwa dunia, amewaweka hatarini watu waliomwamini. Geuza kamera itazame uso wa mezani na mlango, isitazame vidole.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya kila mtu, ya nafsi yake, familia yake na makazi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazibana taasisi zinazokusanya taarifa za watu, na ipo Tume ya kuisimamia. Zahanati, shule, ofisi ya kata na ghala la chama cha ushirika, vyote vinapoweka kamera vinakusanya taarifa za watu. Kwa hiyo ofisini isifunguliwe poti yoyote kwa neno la mdomo la fundi. Iandikwe imefunguliwa lini, kwa sababu gani, na nani anajua neno la siri. Mtumishi akihamishwa, neno hilo libadilishwe siku hiyo hiyo, kama tunavyokabidhiana funguo za stoo.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi, na sitaki mtu atoke hapa akiwa na hofu tu. Naomba kila mwenye kamera afanye mambo manne kabla ya mwisho wa juma hili. Kwanza, abadilishe neno la siri la DVR na la ruta. Pili, afungue ukurasa wa ruta na kutazama kama ipo amri ya mlango iliyoandikwa, na kama haijui sababu yake, aifute. Tatu, azime UPnP. Nne, atazame kumbukumbu za DVR, ili ajue nani ameingia. Asiyeweza kuyafanya peke yake amwite fundi, lakini akae naye mpaka mwisho, aulize, na neno la siri aliandike yeye mwenyewe baada ya fundi kuondoka.

Kwa nyinyi vijana mlioko mbali na mnaowawekea wazee kamera, nawaomba jambo moja zaidi. Mwelezeni mzee kile kamera inachokiona, na mwulizeni kama ameridhia. Mama anayejua kwamba mwanawe anamtazama hufarijika. Lakini mama huyo huyo akitazamwa na mtu asiyemjua, katika ua wake mwenyewe, akianika kahawa yake, atakuwa amedhulumiwa bila kujua, na aliyemfungulia mlango mdhalimu atakuwa ni mwanawe.

Tahadhari kabla ya hatari.